Nyota 3, mbili zilizobaki namdai meneja

Nimelala hapa siku tatu, jina la hoteli silitaji maana sitaki mtu apewe barua kwa ajili yangu. Chumba kisafi, maji moto yapo, shuka zinanukia vizuri, hapo sina neno. Ila wafanyakazi wamechoka jamani, wamechoka mpaka unaona aibu kuomba taulo.

Tumefika saa 5 usiku tukapokelewa na dada mmoja mchangamfu kweli. Asubuhi saa 12 nashuka nakuta ni yuleyule, nyuma ya kaunta kavua viatu kasimama na soksi, wageni wengi hawawezi kuona ila mi hiyo kazi nimeifanya miaka minne najua pa kuangalia. Namuuliza hujaenda nyumbani? Akacheka, eti wa shifti ya asubuhi hajatokea. Naomba risiti ananipa ya mtu mwingine, akaomba samahani mara tatu kwa sauti ileile ya "karibu sana".

Hiyo sauti ndo inammaliza mtu. Mizigo utabeba, utalala, kesho umepona, ila kutabasamia mtu anayekufokea kisa intaneti iko slo, na we huna hata uwezo wa kuirekebisha, hapo unaisha ndani kwa ndani. Huku kuchoshwa na kazi kunaitwa burnout, na WHO, Shirika la Afya Duniani, waliiweka kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa na hali za kiafya, mwaka 2019, wakasema sio ugonjwa, ni hali inayoletwa na msongo wa kazini ambao haujashughulikiwa: unaishiwa nguvu, kazi unaichukia, halafu unajiona hufanyi lolote la maana. Mi ilinianza hiyo ya pili, simu ya mapokezi ikilia tu natamani kuitupa dirishani.

Mama wa usafi nae nilimwambia changu ruka leo upumzike. Akashukuru, ila akanieleza taratibu kwamba chumba kikirukwa siku mbili tatu, siku mgeni anaondoka kinakua kazi ya vyumba viwili na muda hawaongezewi. Nikanywea. Baada ya hapo nikawa najikusanyia takataka mwenyewe naweka mlangoni.

Wakati wa kutoka nikapewa fomu ya maoni, maswali karibu yote ni mhudumu alitabasamu, alikuita kwa jina. Nimeweka 5 kila mahali, pembeni nikaandika ongezeni watu wa usiku, huyu dada hajalala. Akaipokea, akaisoma, akaikunja akaitia mfukoni kwake.