Paketi ya stempu 100 za vipepeo Mji wa Kale: iache ikining'inia, omba sanduku la viatu

Nianze na lawama kabisa. Ile paketi ya stempu 100 za vipepeo wa dunia inayouzwa kwenye duka moja la sarafu na vitu vya kale kule Mji wa Kale Mombasa, vichochoro vya nyuma ya Ndia Kuu, wameitundika mlangoni inameta hata ukipita na tuktuk utaiona, mimi siirudii. Shilingi 1,200. Ukigawa kwa stempu moja moja sio ghali, ila ukishafungua ndo unajua umenunua nini.

Kwa macho ni nzuri, hilo sibishi, rangi zinawaka mashallah, zingine kubwa mpaka unajiuliza bahasha yenyewe ingebaki na nafasi ya anwani wapi. Shida ni kwamba karibu zote zimepigwa muhuri huko huko zilikochapwa, hazijawahi kuona barua maishani mwao. Nyingi ni za Sharjah, Ajman na Fujairah, enzi zile kabla hawajaungana kuwa Falme za Kiarabu mwaka 1971, walikuwa wanatoa stempu kwa mafungu kuwauzia wakusanyaji wa ng'ambo, posta yenyewe ya pale haikuwa na haja nazo kihivyo. Halafu umejaziwa za Hungary na Mongolia za mtindo huo huo. Ukitaka kuhakikisha geuza stempu: gundi iko nyuma nzima, haijaguswa ulimi wala maji, na mbele kuna muhuri! Tena muhuri umekaa kwenye pembe vizuuri kama umepimwa na rula. Karani wa posta wa kweli anagonga anavyojisikia, saa zingine anamfunika kipepeo uso mzima.

Kwa mtoto anayeanza sawa, mnunulie, atafurahi na atajifunza kushika kwa kibano bila kung'oa meno, yaani vile vijino vya pembeni mwa stempu. Wewe mtu mzima unayetaka kitu cha maana usiishie hapo mlangoni. Ingia ndani.

Mzee mwenye duka ana sanduku la viatu chini ya kaunta, hatoi mpaka umuulize. Mimi nilimuuliza tu, "Shikamoo mzee, za huku kwetu huna?" akaniambia, "Marahaba mwanangu, zipo, lakini utachambua mwenyewe, macho yangu haya yashachoka." Akanipa na kigoda. Wallahi humo ndani kuna raha. Kuna vipepeo wa Kenya wa ile seti ya kawaida ya 1988, wale tuliokuwa tunawaona kwenye barua za nyumbani bila kujali, kuna wa Uganda wa 1989, na kuna wa Tanzania wa 1973 ambao kwangu ndio wazuri kuliko wote, zingine zimechapwa OFFICIAL juu yake maanake zilikuwa za barua za serikali. Zote zimetumika, zimekatwa na kipande cha bahasha, unaona muhuri wa Voi, wa Malindi, mmoja wa Lamu tarehe inasomeka. Bei shilingi 20 mpaka 50, na ukichukua nyingi anapunguza bila kelele. Vipande vyenye muhuri unaosomeka usiviloweke, viache na karatasi yake. Zilizobaki maji ya uvuguvugu tu, zitaachia zenyewe.

Ila bei za huyu mzee za vitu "adimu" ni za kubahatisha. Ana ile ya Sarawak (siku hizi jimbo la Malaysia) ya 1950, senti 1, yenye kipepeo wa Brooke, ambayo wengi huitaja kuwa stempu ya kwanza kuwa na kipepeo, akaniambia elfu moja mia tano. Meno mawili hayapo! Ndugu yangu, kuwa ya kwanza sio kuwa adimu, ile ilikuwa stempu ya bei ya chini kabisa ya kutumia kila siku na hadi leo inapatikana kwa hela ndogo tu. Nikamrudishia kwa adabu.

Kingine kilichoniudhi ni anavyozihifadhi zile mpya zenye gundi. Amezibana kwenye plastiki, zimelala moja juu ya nyingine, na joto la hapa na unyevu wa bahari si unaujua, nusu yake zimeshikana. Kabla hujalipa mwambie azifungue uone nyuma. Ukifika nyumbani ziweke kwenye albamu, isimamishe wima usiilaze, na tupia ndani vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya.

Pia kama unaanza, fika kwanza Gede kwenye mradi wa Kipepeo, wako pale tangu 1993, wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na pupa wao, yaani kipepeo akiwa bado kwenye ganda, wanauzwa mpaka Ulaya na Marekani. Ukishawaona wakiwa hai utashtuka vile baadhi ya hizo stempu za paketi zimezidishiwa rangi.

Paketi naipa nyota 2, sanduku 4. Ijumaa mchana usiende, hufunga na harudi mpaka baada ya alasiri. M-Pesa anapokea lakini beba chenji.