TAHADHARI: jeli ya kupaka fizi za watoto inayouzwa status na Insta

Wamama wenzangu mnaolea wadogo, hasa mlioko Dar, someni hii kabla hamjatuma hela. Kuna dada anauza kitube cha jeli ya kupaka fizi mtoto anapoota meno, anatangaza status na kwenye magrupu ya wazazi, 18,000 na bodaboda juu yako, eti mzigo wa Marekani, ukipaka tu mtoto analala. MSINUNUE!!

Wifi yangu alinunua, mwanae ana miezi saba, udenda unamwagika mpaka kifua kinalowa, usiku kucha analia, mama mtu kachoka yuko tayari kununua chochote, na hapo ndo hawa watu wanapotupatia. Akaja nayo kwangu hajaipaka bado. Naangalia boksi naona stika imebandikwa juu ya maandishi, inasema inafaa tangu mtoto mchanga, nikaibandua taratibu kwa kucha, chini yake kampuni yenyewe imeandika Benzocaine na onyo kabisa kwamba asipakwe mtoto wa chini ya miaka 2. Yaani onyo lipo, yeye kaliziba makusudi! Na tarehe ya kuisha muda imekwanguliwa.

Hiyo benzokeini ni dawa ya ganzi. Kwa watoto wadogo inaweza kufanya damu ishindwe kubeba oksijeni, midomo na kucha zinakuwa za bluu au kijivu, mtoto anapumua kwa shida, analegea, na inaweza kutokea hata ukipaka mara ya kwanza. Ukiona hivyo usisubiri kukuche, kimbia hospitali na hicho kitube mkononi. Huko huko Marekani anakosema imetoka, mamlaka yao ya dawa mwaka 2018 ilizitaka kampuni ziache kuuza jeli za hivi kwa ajili ya kuota meno. Na hata hiyo nafuu yenyewe haidumu, udenda unaiosha sasa hivi tu.

Tulivyomdai hela akaanza "dear mbona wateja wote wanasifia", tukamtumia picha ya lebo, akatubloku. Komenti za wanaouliza anafuta. Sahivi karudi na akaunti yenye jina lingine, picha zilezile, na kaongeza mikufu ya kaharabu ya kumvalisha mtoto shingoni eti inavuta maumivu. Jamani, mkufu shingoni kwa mtoto anayelala! Marekani mtoto wa miezi 18 alinyongwa na mkufu wa namna hiyo akiwa usingizini akafa. Na uzi ukikatika, shanga zinaenda mdomoni moja kwa moja.

Msije mkasema ni kidawa cha meno tu. Nigeria mwaka 2008 dawa ya maji ya kuota meno ilikutwa na kemikali ya sumu na watoto zaidi ya 80 walikufa.

Mtoto akisumbuliwa na fizi nawa mikono umsugue taratibu kwa kidole, au lowesha kitambaa safi weka kwenye friji kipoe, kisigande, umpe ang'ate ukiwa unamwangalia. Nachoomba sana, akichemka kuanzia 38 au akiharisha usiseme ni meno, mpeleke akapimwe, inaweza ikawa malaria au kitu kingine. Na wale wanaosema ni meno ya plastiki yang'olewe, usiwape mtoto wako kabisa, wanachochimba pale ni jino lake halisi ambalo bado halijatoka, na kwa vifaa vichafu.

Dawa ya mtoto chukua famasi iliyosajiliwa, uliza mfamasia. Mlionunua kwa huyo dada msitupe boksi wala risiti ya muamala, pelekeni TMDA, mamlaka ya dawa hapa Tanzania, sisi tayari tumepeleka ya kwetu. Akaunti siiweki hapa maana anabadilisha jina kila akishtukiwa, ila anayetaka picha ya lebo na ya stika alinganishe na yake aje inbox namtumia.