Rangi Inayoonekana: Tathmini ya Duka la Samaki wa Bahari mjini Kisumu

Mfugaji wa samaki wa bahari aliye Kisumu ana kikwazo ambacho mwenzake wa Mombasa au Kilifi hakijui. Maji yaliyo karibu naye ni ya ziwa, hayana chumvi, na kila samaki atakayemweka ndani ya tangi lake la kioo atakuwa amesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka Pwani kabla ya kufika sebuleni. Akiuziwa samaki dhaifu, au samaki asiyefaa, hana mvuvi wa jirani wa kumrudishia. Ndiyo maana nimeona inafaa kuandika kwa urefu kuhusu duka dogo lililo mtaa wa Milimani ambalo hushughulika na akwariamu za maji ya chumvi zenye matumbawe hai, duka ambalo nimelitumia kwa muda wa kutosha kuyajua mazuri yake na mapungufu yake. Nimelipima kwa haja ambayo wanunuzi wengi huingia nayo mlangoni: kupata samaki wenye rangi, na wanaoonekana.

Haja hizo ni mbili, wala si moja. Samaki anaweza kuwa na rangi ya kupendeza kuliko wote dukani, kisha akifika nyumbani akaingia chini ya jiwe na kubaki humo mpaka taa zizimwe. Mfano ulio wazi ni wale samaki wekundu wenye macho makubwa wa jenasi ya Myripristis, ambao hupatikana katika miamba ya Pwani yetu. Mwangaza mwekundu hufyonzwa na maji katika mita chache za kwanza kutoka juu, hivyo samaki mwekundu aliye kwenye kina huonekana kama kivuli. Wekundu wake humficha, na yale macho makubwa ni ya kutafutia chakula usiku. Nilipouliza bei ya mmoja wao, mzee anayewahudumia wateja, ambaye ni mtu wa Pwani, alinijibu, "Mwanangu, huyu mchana hutamwona. Ukimnunua, utakuwa umenunua pango." Kisha akanipeleka kwenye tangi lingine. Muuzaji anayekataa fedha ya mteja kwa faida ya mteja mwenyewe ni wa kuthaminiwa, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kulipendekeza duka hili.

Katika tangi lile la pili walikuwamo Pseudanthias squamipinnis, ambao wafugaji huwaita anthiasi. Samaki hawa hupatikana kuanzia Bahari ya Shamu, wakashuka na pwani ya Afrika Mashariki, na kuendelea hadi magharibi mwa Pasifiki. Majike wana rangi ya chungwa, na dume ni wa zambarau inayoelekea wekundu, mwenye mwiba mrefu uliochomoza mbele ya pezi la mgongoni. Sijaona samaki mwingine wa Pwani yetu anayejaza kioo kwa rangi kama kundi la anthiasi, na siri yake iko katika namna anavyokula. Kwenye mwamba hukaa makundi makundi mbele ya mkondo, akidaka planktoni, yaani vijiumbe vidogo vinavyoelea, inayopitishwa na maji; kwa hiyo hata ndani ya akwariamu hukaa katikati ya maji, mahali pa wazi, uso ukielekea pampu, na mtu aliyeketi upande wa pili wa sebule humwona bila kusogea. Ni samaki wa jamii, na dume akifa, jike mkubwa hugeuka kuwa dume na kushika nafasi yake. Duka hili huuza dume mmoja pamoja na majike kadhaa, na halikubali kumuuzia mtu madume wawili kwa ajili ya tangi dogo, hata akisisitiza.

Gharama ya uzuri huo ni chakula. Samaki aliyezoea kudonoa siku nzima hawezi kuridhika na mlo mmoja wa jioni. Atakonda, mgongo utachongoka, na rangi itafifia kabla hajafa. Mtu anayeondoka nyumbani alfajiri kwenda kazini na kurudi usiku anahitaji ama msaidizi anayeaminika ama mashine ya kulisha. Nimefurahi kuona kwamba mzee yule huyasema haya kabla ya malipo, na kwamba humwonyesha mteja samaki akila. Humwaga kamba wadogo waliogandishwa, kisha husubiri mteja ajionee mwenyewe ni nani amekuja mbele na ni nani amebaki nyuma. Kwa maoni yangu, hili ndilo jambo la maana kuliko yote katika ununuzi wa samaki wa bahari. Samaki anayekula mbele ya wageni dukani ataonekana nyumbani. Anayejikunyata pembeni wakati wenzake wanakula asinunuliwe, hata rangi yake iwe ya kushangaza kiasi gani.

Wazazi wengi huja na watoto wakitafuta samaki klauni wa rangi ya chungwa na mistari myeupe aliyezoeleka katika picha. Huyo ni Amphiprion ocellaris, na asili yake si bahari yetu. Mmoja wa wetu ni Amphiprion allardi, mwenye mwili wa kahawia iliyokoza karibu na weusi, mistari miwili myeupe yenye ubuluu, mapezi ya manjano na mkia mweupe. Wapo wanaomwona kuwa hana mvuto, nami siafikiani nao hata kidogo, kwa sababu mbele ya matumbawe ya rangi nyepesi hujitokeza waziwazi, na tabia yake humfanya aonekane saa zote: huchagua pembe moja na kuilinda. Hahitaji anemoni, yule kiumbe laini wa bahari mwenye mikono inayochoma, ingawa baharini huishi ndani yake. Na ni vyema anayeanza asiiweke, kwa kuwa anemoni huhamahama na kuyachoma matumbawe inayoyagusa. Samaki hawa wote huzaliwa wakiwa madume na mkubwa wao ndiye anayekuwa jike, kwa hiyo wawili wachanga wasiolingana kwa ukubwa hupatana upesi kuliko wawili waliolingana. Wakikua huwa wakali, na mkono unaosafisha kioo utaumwa.

Kuhusu mpangilio wa duka lenyewe nina lalamiko. Matangi ya maonyesho yana ukuta mweusi nyuma na taa za LED za buluu tupu. Chini ya taa hizo matumbawe hung'aa kwa namna ya ajabu, samaki wa buluu hupendeza kupita kiasi, na wale wenye wekundu hufifia. Mteja hawezi kujua jinsi samaki atakavyokuwa nyumbani kwenye mwangaza wa kawaida. Ukiomba wakuwashie taa nyeupe watakuwashia bila kinyongo, lakini mgeni hajui kwamba anapaswa kuomba. Ningependa tangi moja angalau liwe na taa nyeupe siku zote.

Wapo samaki wawili wa Pwani ambao duka hili huwa nao mara kwa mara na ambao ningemshauri mfugaji awatafakari vizuri. Wa kwanza ni Halichoeres iridis, mwenye kichwa cha rangi ya chungwa na manjano na mwili wa hudhurungi iliyoiva, ambaye huzunguka akwariamu nzima mchana kutwa akikagua kila jiwe. Usiku hujifukia mchangani, na akifika mahali pageni anaweza kubaki humo kwa siku kadhaa, jambo linalowatia watu hofu bure. Anahitaji mchanga laini wa kina cha sentimita tano hivi. Asiye na mchanga asimchukue. Wa pili ni Nemateleotris magnifica, mweupe kwa mbele na mwekundu wa moto kuelekea mkiani, ambaye huelea juu kidogo ya pango lake akiinuainua ule uzi mrefu wa pezi lake la mgongoni. Huyu ni mpole, na huonekana tu pale ambapo majirani zake ni wapole pia. Akishtuka huruka.

Wote wawili huruka, kwa hakika, na hapo ndipo duka limefanya kazi nzuri inayofaa hali ya hewa yetu. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, lakini joto la mchana mara nyingi hufikia nyuzi 30, ilhali matumbawe hustawi kwenye maji ya nyuzi 24 hadi 26. Kifuniko cha kioo huzuia samaki kuruka, lakini pia huzuia joto kutoka. Duka hutengeneza fremu za alumini zenye wavu mwembamba usioonekana sana, na feni ndogo huwekwa juu ya maji ili yapoe kadiri yanavyovukizwa. Maji yanayopungua kwa njia hiyo hufidiwa kwa maji matamu yaliyochujwa, kwa kuwa chumvi haivukizwi, na kipimo cha uzito wa maji hayo ya chumvi yakilinganishwa na maji matamu kinapaswa kubaki 1.025. Fremu niliyonunua imeundwa vizuri, pembe zake hazina kutu, na sijapoteza samaki kwa kuruka tangu niiweke.

Kuhusu samaki wa jamii ya kangaja, yaani Acanthurus leucosternon wa samawati na Paracanthurus hepatus wa buluu na mkia wa manjano, duka lina udhaifu. Wachanga wao ni wadogo kama kidole gumba na huvutia kila macho, na wauzaji vijana, mzee asipokuwepo, huwauza kwa mtu yeyote. Paracanthurus hepatus hufikia sentimita 30 hivi. Wote wawili huhitaji nafasi kubwa ya kuogelea, na hupatwa kwa urahisi na ugonjwa wa madoa meupe unaosababishwa na kimelea Cryptocaryon irritans. Dawa ya shaba inayotibu ugonjwa huo huua matumbawe na viumbe wasio na uti wa mgongo, kwa hiyo samaki mgonjwa hawezi kutibiwa ndani ya akwariamu ya matumbawe. Lazima avuliwe, na kumvua kati ya mawe ni kazi ya kubomoa kila kitu. Duka huwaweka samaki wapya karantini kwa wiki mbili. Ni afadhali kuliko bila, lakini kimelea hiki kinaweza kubaki sakafuni mwa tangi kwa wiki kadhaa kabla ya kuangua, na kwa heshima zote ningewaomba wafikishe wiki nne, hata ikibidi bei ipande.

Vitatange, wale samaki bapa wa rangi nyingi, wengi wao hula matumbawe yenyewe. Duka halifichi hilo, nalo huwauzia tu wenye matangi yasiyo na matumbawe. Lisilonipendeza ni kuuzwa kwa Labroides dimidiatus, samaki mwembamba wa buluu mwenye mstari mweusi, ambaye kazi yake mwambani ni kuwaondolea samaki wengine vimelea. Ni kweli huonekana sana, maana hajifichi. Lakini chakula chake kikuu ni vimelea hivyo, na katika akwariamu nyingi hudhoofika kwa njaa, huku mwamba alikotolewa ukibaki bila huduma yake. Duka linalojali kiasi hiki halipaswi kumweka kwenye orodha. Vilevile lebo za matangi hazionyeshi samaki alivuliwa wapi. Hifadhi za taifa za bahari kama Watamu, Malindi na Kisite haziruhusu kuvua kiumbe chochote, na mnunuzi ana haki ya kuonyeshwa kwamba samaki wake alivuliwa na mvuvi mwenye leseni, nje ya mipaka hiyo.

Ufungaji wa samaki ni mzuri: mifuko miwili, oksijeni ya kutosha, boksi la povu, na maelezo yaliyochapishwa kwa Kiswahili safi. Maelezo hayo yanasisitiza jambo ambalo wengi hawalijui. Mfuko uliofungwa kwa saa nyingi hujaa kaboni dioksidi, maji huwa na uasidi, na amonia iliyomo huwa haina makali sana. Ukifunguliwa, gesi hutoka, uasidi hupungua, na amonia ile ile hugeuka sumu kali. Kwa hiyo boksi lililotoka Pwani halipaswi kuachwa wazi huku mtu akidondosha maji taratibu kwa saa nzima. Usawazishe joto mfuko ukiwa umefungwa, upime chumvi, kisha umhamishe samaki bila kuchelewa.

Bei ni za juu kuliko Mombasa, jambo linaloeleweka kwa umbali huo, na chumvi ya kuchanganyia maji huisha mara kwa mara, kwa hiyo ni busara kununua ya akiba. Oda za samaki hupokelewa kwa simu, na mzee hupanga mwenyewe nani atangulie: wapole kwanza, yaani Nemateleotris na anthiasi, kisha klauni, na mwisho kabisa Centropyge acanthops, kitatange mdogo wa sentimita nane hivi mwenye mwili wa buluu na mgongo wa rangi ya chungwa, ambaye akitangulia hujifanya mwenye nyumba na kuwafukuza wote wanaomfuata. Huyo hudonoa matumbawe mara mojamoja, na mwenye matumbawe ya thamani kubwa afikiri mara mbili. Mimi nimemchukua, kwa sababu hupita mbele ya kioo mchana kucha na hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza kama yumo.