Mifuko ya PICS: mahindi ya mwaka jana bado mazima

Jamani hii mifuko ya PICS ya kuhifadhia nafaka, tunayoiita kinga njaa, nimeitumia msimu wa pili sasa na naisifia kwa moyo wote. Zamani kufika mwezi wa 12 wadudu dumuzi, wale tunaowaita skania, wameshageuza gunia unga mtupu, dawa unapiga na bado unakula na wasiwasi. Hii ina nailoni 2 ndani na kiroba cha nje, unafunga kila nailoni peke yake unasokota unakunja unakaza kamba, hewa inaisha wadudu wanakufa bila dawa yoyote. Juzi mvua zimegoma huku Kongwa, sokoni debe halishikiki, nikafungua gunia langu la mwaka jana, punje zinang'aa na ugali harufu ya mahindi mapya, mama alishika kiganjani akacheka.

Ila kausha kweli! Tia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu utikise, chumvi ikiganda pembeni rudisha juani. Na kagua nailoni dukani, mimi niliuziwa moja ina tundu, gunia zima likaliwa, iliniuma sana. Bei imezidi kiroba cha kawaida lakini unatumia misimu kadhaa.