Braketi ya mikono miwili kwa runinga ya inchi 75: chuma kizuri, kifuko cha kutiliwa shaka

Braketi ninayoitathmini ni ile ya mikono miwili inayokunjuka, iliyokusudiwa runinga za inchi 55 hadi 85, ambayo huuzwa katika sanduku moja pamoja na kifuko cha skrubu na vifaa vya kufichia nyaya. Braketi za umbo hilihili hutoka chini ya majina mengi ya kibiashara, kwa hiyo nitakayoyasema yatamfaa yeyote anayekusudia kununua ya namna hii. Yangu imebeba runinga ya inchi 75 yenye uzito wa kilo 30 bila kulegea wala kuinama, na hukumu yangu ni kwamba chuma chake kinastahili kununuliwa, ila kifuko cha skrubu na vifaa vya nyaya havistahili kutumiwa hivyohivyo vilivyo.

Bamba la ukutani ni nene, viungo vya mikono huzunguka bila kukwaruza, na skrubu za kusawazishia zinaruhusu runinga kunyooshwa kidogo hata baada ya kutundikwa, jambo ambalo humwokoa fundi pale pimamaji linapoonyesha kwamba upande mmoja umeshuka. Reli za nyuma hukubali mpangilio wa VESA kuanzia 200 kwa 200 hadi 600 kwa 400, yaani umbali wa milimita kati ya matundu yaliyo mgongoni mwa runinga. Mnunuzi akiangalie kipimo hicho kabla ya kuangalia inchi, kwa sababu runinga mbili za inchi zilezile zinaweza kuwa na matundu yaliyopangwa tofauti kabisa.

Juu ya sanduku imeandikwa kwamba braketi hubeba kilo 60, na hapo ndipo wanunuzi wengi hutulia mapema mno. Idadi hiyo inahusu chuma. Haisemi lolote kuhusu ukuta. Runinga iliyovutwa mbele hufanya kazi ya wenzo: kadiri inavyokwenda mbali na ukuta ndivyo bolti za juu zinavyovutwa kwa nguvu zaidi, mithili ya ndoo ya maji iliyoshikwa kwa mkono ulionyooshwa. Runinga ya kilo 30 ikiwa sentimita 50 kutoka ukutani, na bolti za juu zikiwa sentimita 25 juu ya ukingo wa chini wa bamba, bolti hizo kwa pamoja hukabili mvuto unaolingana na uzito wa kilo 60, kabla hata ya kuhesabu uzito wa mikono yenyewe. Ikirudishwa hadi sentimita 6, mvuto huo hushuka hadi takriban kilo 7. Kwa sababu hiyo ukuta unaotosha kabisa kwa braketi bapa unaweza kushindwa na hii, na mtoto anayening'inia kwenye ncha ya runinga iliyovutwa huongeza mzigo kuliko mtengenezaji anavyotaka kufikiri.

Katika ukuta wa zege au wa tofali lisilo na uwazi, kazi ni nyepesi, mradi tundu lipite lipu na kuingia ndani ya zege lenyewe, kwa maana lipu haibebi kitu. Vumbi lililobaki ndani ya tundu lisafishwe kabla ya kupachika kishikio cha plastiki, kwani hukipunguzia nguvu ya kung'ang'ania. Tofali lenye matundu ni habari nyingine: keekee ya umeme isigongeshwe, la sivyo kuta nyembamba za ndani hupasuka, na bolti za kawaida zibadilishwe kwa zile zinazofungwa kwa gundi ya kemikali ndani ya kifuko maalumu cha wavu kinachoizuia gundi isipotee kwenye uwazi wa tofali. Ukuta wa jipsamu wenyewe, ambao bamba lake huwa na unene wa milimita 12.5 hivi, usibebeshwe braketi ya mikono kamwe. Bolti lazima ziingie katikati ya nguzo za mbao zilizo nyuma yake, ambazo kwa kawaida huwa umbali wa sentimita 40 au 60 kutoka moja hadi nyingine. Na nguzo zikiwa za bati jembamba, ni bora ukuta ufunguliwe na kuwekewa mbao imara kwa ndani.

Sasa kifuko. Bolti za ukutani zilizomo ni za chuma kinachokubalika, lakini vishikio vya plastiki vinavyofuatana nazo ni laini na vifupi, na mimi niliviweka kando nikanunua vingine vya nailoni vya milimita 10 vilivyotengenezwa kwa zege. Gharama yake ni ndogo mno ukiilinganisha na runinga inayoning'inia. Skrubu za runinga ni nyingi na za urefu mbalimbali, M6 na M8 (yaani za kipenyo cha milimita 6 na 8), pamoja na washa na vipande vya kuziba nafasi kwa runinga zenye mgongo uliobonyea. Hapo sina malalamiko. Jambo la kuangalia ni kwamba skrubu ndefu kupita kina cha tundu inaweza kuharibu vilivyomo ndani, na fupi hushika nyuzi chache tu, kwa hiyo kina kipimwe kwa kijiti kabla ya bisibisi kushikwa.

Kuna dai moja la sandukuni ambalo halisimami. Limeandikwa kwamba runinga huzunguka digrii 45 kila upande. Runinga ya inchi 75 ina upana wa sentimita 167 hivi, na mkono uliokunjuliwa wote hufika sentimita 50, kwa hiyo ukingo wa runinga hugusa ukuta inapofika takriban digrii 37. Dai hilo ni kweli kwa runinga ndogo zaidi, lakini mtengenezaji ameliandika kana kwamba linazihusu zote.

Sehemu ya nyaya ndiyo iliyonifanya nipunguze alama. Sandukuni mmewekwa mfereji wa plastiki wenye kifuniko, mikanda ya kufungia, na vibanio viwili vya kushikilia nyaya kwenye mkono. Mfereji hushikamana na ukuta kwa gamu, na gamu hiyo hushika rangi badala ya ukuta. Rangi ikibanduka, mfereji hushuka nayo. Niliufunga kwa skrubu ndogo, na tangu hapo umetulia. Vibanio viwili havitoshi, kwa sababu nyaya zinahitaji kulegezwa kwa kitanzi katika kila kiungo cha mkono ili runinga inapovutwa zisikazwe. Waya wa HDMI uliokazwa huanza kulegeza soketi ya runinga, na kuitengeneza soketi hiyo ni ghali kuliko braketi nzima. Umbali kati ya runinga na king'amuzi ukizidi mita 5 hivi, waya wa kawaida wa shaba huanza kupoteza picha za ubora wa juu. Wale watakaochagua waya wa HDMI wa nuru, unaopitisha picha kwa mwanga badala ya shaba, wakumbuke kwamba una upande wa chombo kinachotuma picha na upande wa runinga, na ukipitishwa kinyume haufanyi kazi.

Wapo wanaotaka nyaya zipotee kabisa ndani ya ukuta. Kwa HDMI na antena inawezekana, na ningeshauri bomba la kipenyo cha milimita 50, kwa kuwa kichwa cha HDMI hukwama katika bomba jembamba, tena bomba hilo liachiwe uzi wa kuvutia waya mwingine baadaye. Waya wa umeme wa runinga, ule mlaini unaokuja nayo, haupaswi kuzikwa ukutani hata kidogo: haukutengenezwa kwa kazi hiyo, na ukichubuka au kupata joto hakuna atakayeuona. Njia iliyo sahihi ni fundi umeme mwenye sifa kuweka soketi nyuma ya runinga, mahali ambapo mikono ikikunjwa haitaibana, na nyaya za umeme zipite mbali na zile za picha. Maelekezo ya sandukuni hayataji lolote kati ya haya. Yana mchoro wa mtu anayetabasamu akiingiza nyaya zote, ya umeme ikiwemo, katika tundu moja.

Kwa urefu, kitovu cha skrini kikae usawa wa macho ya aliyeketi, yaani karibu sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni, na kipimo hicho kihesabiwe kutoka kwenye kitovu cha runinga, kwani matundu ya VESA mara nyingi huwa chini yake. Kutundika kunahitaji watu wawili. Kwa chumba ambacho watu wote huketi mbele ya skrini, braketi bapa inayoinama kidogo ni rahisi na salama kuliko hii. Yenye mikono ina faida pale tu runinga inapotazamwa kutoka pande mbili, au soketi za nyuma zinapohitaji kufikiwa mara kwa mara.