BMW 320i GT ama sedan ya kawaida? Modeli zimezidi sasa

Sasa wadau, karibuni tena, leo niko kwa yadi moja hapa Ngong Road na magari mawili yameegeshwa ubavu kwa ubavu, kushoto BMW 320i sedan ya kawaida, kulia 320i GT (Gran Turismo), injini ileile, gia zilezile, lakini njooni huku nyuma muone. Sedan inafungua kifuniko cha buti tu, GT inainua mlango mzima pamoja na kioo, gunia la viazi linaingia bila kung'ang'ana, na buti ni lita 520, sedan ni 480. Ngoja niketi nyuma. Mnaona goti langu? Bado kuna nafasi ya kutosha hapa mbele yake, juu GT ilirefushwa milimita 110 kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Kwa familia ya kwenda ushago Desemba, hii gari ni nzuri, nasema ukweli.

Sasa mbona nalalamika? Juu hawa watengenezaji hawakuachia hapo. Kutoka kwa 3 Series hiyohiyo, familia ya hizi 320i, wakatoa 4 Series ya milango miwili, halafu Gran Coupe yenye milango minne tena, yaani sedan imelazwa paa, unalipa zaidi na kichwa kinakaribia kugusa juu, na kando kuna X3, SUV yao, halafu X4 ambayo ni X3 imekatwa mgongo. Mercedes nao walianza na CLS 2004, sedan ya paa lililolazwa, wakaja na CLA ndogo yake, na SUV za mgongo uliokatwa, GLC Coupe na GLE Coupe. Modeli moja imegawanywa vipande na kila kipande kina watu wachache.

Na sisi tunazipata zikiwa na miaka sita, saba, nane, hapo ndio uchungu unaanza. Niliwahi kuwa na GT kama hii, boda ikanigonga nyuma kwa jam, taa ya kushoto ikapasuka. Nikashuka Kirinyaga Road, kwa maduka ya spea, nikidhani ni kazi ya asubuhi moja. Taa za sedan zilikuwa zimepangwa kwa rafu, mpya na za mitumba, ya GT hakuna, na ya sedan haiingii kabisa, umbo ni tofauti. Wiki tano nikaendesha na taa imefungwa kwa selotepu nyekundu, nikisubiri moja itoke nje, na bei ilinikata maini.

Pedi za breki, filta, plagi, hizo hazina shida, ni za wote. Shida ni bodi: taa, vioo, milango ya nyuma, bampa.

Hata wao wameanza kupunguza, GT iliisha 2020, na Mercedes 2023 wakaleta CLE moja kuchukua nafasi ya coupe, zile za milango miwili, za C-Class na E-Class. Sawa, lakini zilizobaki zinaletwa kwetu.

Kwa hivyo ukipenda GT, kabla hujaweka pesa chukua namba ya chesi, uulizie kwanza taa ya nyuma na kioo cha buti. Mimi leo nachukua hii ya kushoto.