Chini ya mwembe: tangawizi au manjano?

Mwembe haupukutishi majani yote, kwa hiyo kivuli chake ni cha mwaka mzima, na mizizi yake huwahi maji. Mbegu si gharama: vipande vya soko la Marikiti vyenye macho yaliyovimba vinatosha kwa mimea yote miwili. Kazi iko kwenye utunzaji. Tangawizi hutaka unyevu daima, ila maji yakituama huoza. Nimewahi kufukua kipande kikabonyea kidoleni kama ndizi iliyopitiliza, kinanuka. Manjano huvumilia zaidi, na majani yake mapana yanapendeza mno. Mimea yote miwili hukaa ardhini miezi 8 hadi 10. Una maji ya uhakika na wateja wa chai? Panda tangawizi. Unategemea masika? Manjano, ya viazi karai vya nyumbani.